Mfumo unarekodi mauzo mara mbili na naogopa kuugusa, niuandike upya?

Swali limetoka kwa kijana wa Kigoma, nimelifupisha kidogo:

"Dada shikamoo. Nimemaliza diploma ya kompyuta, nikamtengenezea mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi mfumo wa mauzo kwa PHP (lugha ya kuandikia programu) na MySQL (programu inayotunza data). Wanautumia kwenye simu mbili na laptopu moja ya dukani. Mwanzoni ulienda vizuri ila sa hivi mauzo mengine yanaingia mara mbili, ripoti ya mwezi haiendani na hela, na kila nikirekebisha sehemu moja inaharibika nyingine. Nimefika mahali naogopa kuugusa. Natamani niufute niandike upya kwa kitu cha kisasa. Nyie mnaofanya hii kazi kila siku mnafanyaje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana mfumo wako unatumika kweli sokoni na mtu anautegemea kwa hela yake, wengi wanamaliza chuo na mradi wao unabaki kwenye fleshi.

Jibu langu ni usiufute. Hilo la kuogopa kuugusa ndo la kushughulikia kwanza, hata kabla ya mauzo mawili mawili. Unaogopa kwa sababu ukiharibu huna njia ya kurudi ulipokuwa jana, na hapo mtu yeyote angeogopa, hata mwenye uzoefu wa miaka. Kwa hiyo ukishika kitu kimoja kwenye haya yote shika hiki: usifanye badiliko ambalo huwezi kulirudisha. Mengine ntakayoandika yanatoka hapo.

Kwa nini nakukataza kuandika upya? Ndani ya hiyo programu unayoiona mbaya kuna vitu ulivyojifunza pale Kibirizi bila hata kujua kwamba unajifunza: kwamba bei ya gunia huipati kwa kuzidisha bei ya sado, kwamba kuna mteja wa Kasulu anabeba mzigo leo analipa wiki ijayo, kwamba kuna wanaotoka ng'ambo ya ziwa wanalipa nusu kwa shilingi nusu kwa faranga. Kila kimoja kiko kwenye ka-if fulani (sharti la "ikiwa hivi, fanya vile") katikati ya faili. Ukianza upya utavisahau nusu, na mama ndo atakayekukumbusha, kwa hasara yake. Kampuni ya Netscape ilikuwa na brauza iliyotamba sana miaka ya tisini, wakaamua kuiandika upya, toleo la 4 lilitoka 1997, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likaja mwishoni mwa 2000, na muda wote huo Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa inawachukulia watumiaji. Na wale walikuwa na timu nzima ya mainjinia, wewe uko mwenyewe.

Basi leo hii kabla hujagusa mstari hata mmoja weka Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la mafaili yako. Git aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza kazi ya Linux, na uzuri wake kwetu sisi wa huku ni kwamba haihitaji intaneti, historia yote inakaa kwenye laptopu yako, bando likiisha au mtandao ukigoma bado unaendelea kuhifadhi hatua zako. Kwanza toa paswedi ya databesi kwenye mafaili ya programu, iweke kwenye faili lake la pembeni, jina la hilo faili liandike ndani ya .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyahifadhi), maana paswedi ikishaingia kwenye historia inabaki humo hata ukiifuta baadaye. Alafu git init, git add, git commit, basi. Hapo ulipo sasa, pamoja na mabagi (makosa ya programu) yote, pameshawekwa alama na unaweza kuparudia. Kuanzia hapo komiti kila kitu kidogo kinachofanya kazi, usisubiri wiki iishe, na kwenye ujumbe andika sababu. Ulichobadilisha Git yenyewe itakuonyesha mstari kwa mstari, ila sababu iko kichwani mwako tu na mwezi ujao haitakuwepo. Ukiandika "marekebisho" hujaandika kitu. Ukiandika "ripoti inasoma bei ya siku ya mauzo, siyo bei ya leo, maana ya Mei ilikuwa inabadilika kila bei ikipanda" hapo umejisaidia. Mtandao ukiwa mzuri pandisha nakala kwenye sehemu ya mtandaoni iliyofungwa, ili laptopu ikiibiwa au ikimwagikiwa chai kazi isipotee.

Lakini Git inarudisha programu, hairudishi data. Mauzo ya yule mama yamo ndani ya MySQL, na ukikosea UPDATE moja (amri ya kubadilisha) bila WHERE (inayotaja mistari gani ibadilike) umebadilisha mauzo yote ya tangu duka lianze kutumia mfumo. Kwa hiyo bakapu kila jioni wakifunga, mysqldump (amri ya MySQL ya kutoa nakala ya data) yenye --single-transaction inatosha kabisa kwa duka la ukubwa huo, faili ipewe jina lenye tarehe, nakala moja ibaki dukani na nyingine itoke nje ya duka. Na angalia tebo zako zinahifadhiwa kwa mtindo wa InnoDB, SHOW TABLE STATUS itakwambia, MySQL imeifanya ndo chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 lakini databesi iliyorithiwa kwenye mafunzo ya zamani unaweza kukuta ni MyISAM, na hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika tebo inaweza kuharibika, wakati InnoDB ikiwashwa inajirekebisha yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu zake. Kwa umeme wetu hilo sio jambo dogo.

Na bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab alikuwa anahangaika usiku na databesi iliyokuwa inasumbua, akafuta folda ya data kwenye sava kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walikuwa na njia kadhaa za bakapu, walipozikimbilia wakakuta moja ilikuwa inashindwa kila siku kimya kimya kwa sababu programu ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo lisiloendana na databesi, na barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakaokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa kama 6 kabla, na data ya hayo masaa 6 ikapotea. Waliyaeleza yote hadharani, ndo maana tunajua na tunajifunza. Wewe fanya hivi, tengeneza databesi nyingine iite mauzo_jaribio, imwagie bakapu ya jana, alafu hesabu mauzo ya jana ni mangapi na jumla yake shilingi ngapi, linganisha na daftari la mama. Vikiendana una bakapu. Rudia mara kwa mara, na hiyo mauzo_jaribio ndo sehemu yako ya kufanyia majaribio kuanzia leo, usijaribu tena kitu kwenye databesi ya dukani.

Sasa ukiwa na hivyo viwili, tuje kwenye mauzo mawili mawili.

Nenda Kibirizi ukae pembeni ya yule dada anayerekodi, usimwelekeze, mwangalie tu. Karibu nina uhakika utaona hivi: anajaza, anabonyeza Hifadhi, mtandao unazunguka, mteja amesimama na gunia anasema dada fanya haraka, anabonyeza tena. Maombi mawili yanafika kwenye sava, sava inatii yote mawili. Wengi wanakimbilia kuzima batani baada ya kubonyezwa mara ya kwanza, fanya hivyo ndiyo, inapunguza, lakini haimalizi, kwa sababu mara nyingine ombi la kwanza limefika na limehifadhiwa, kilichopotea njiani ni jibu la kurudi kwenye simu. Dada anaona kosa la mtandao, anafungua ukurasa upya, anaingiza mauzo yale yale akiwa na nia njema kabisa.

Dawa ni kila mauzo yawe na tiketi yake tangu fomu inapofunguliwa. Fomu ikifunguka, sava itengeneze herufi za bahati nasibu, kwenye PHP bin2hex(random_bytes(16)) inakupa 32, iziweke kwenye fomu zikiwa zimefichwa. Kwenye tebo ya mauzo ongeza kolamu ya tiketi na uiwekee UNIQUE, yaani thamani moja isiingie mara mbili. Ombi la pili likija na tiketi ile ile MySQL itakataa yenyewe kwa kosa namba 1062, na hapo usimwonyeshe dada maandishi mekundu, tafuta mauzo yenye tiketi hiyo umwonyeshe risiti yake kama kawaida. Kwake mauzo yamehifadhiwa, na ni kweli yamehifadhiwa, mara moja. Mauzo ya zamani yaache tiketi ikiwa NULL (tupu), UNIQUE ya MySQL inaruhusu NULL nyingi kwa hiyo hayatakusumbua. Jihadhari na kitu kimoja, mtu akibonyeza kurudi nyuma akatumia fomu ile ile kwa mteja mwingine, tiketi itakuwa ya zamani na mauzo mapya yatamezwa, kwa hiyo ukikuta tiketi ni ile ile lakini kiasi au mteja ni tofauti mwonyeshe onyo, usinyamaze. Na kwa yule anayefungua ukurasa upya baada ya mtandao kukata, weka juu ya fomu mauzo matano ya mwisho, aone kwa macho kama la kwake limeshaingia kabla hajaandika tena.

Malipo ya simu ni hivyo hivyo. Siku ukiunganisha taarifa za malipo zije zenyewe kwenye mfumo, taarifa ya muamala mmoja inaweza kuletwa zaidi ya mara moja, mtumaji asipopata jibu anatuma tena. Namba ya kumbukumbu ya muamala iwe UNIQUE na ikija mara ya pili ijibiwe "nimepokea" bila kuongeza hela.

Yale ambayo yameshaingia mara mbili usiyafute. Tafuta yenye mteja mmoja, kiasi kimoja, ndani ya dakika mbili tatu, yachapishe, kaa na mama na daftari, maana kuna mtu kweli anaweza kununua sado mbili kwa nyakati mbili tofauti ndani ya dakika chache. Yaliyothibitika yawekee alama ya kufutwa, sababu, na nani amethibitisha, na ripoti iyaruke. Ukifanya DELETE umepoteza ushahidi, na mwezi ujao mama akiuliza "mbona jumla imeshuka" hutakuwa na cha kumwonyesha.

Ripoti kutoendana na hela, mauzo mawili mawili yanachangia, lakini usidhani yamemaliza. Mimi ningeanza kutafuta kwenye bei. Angalia ripoti yako inapataje jumla, kama inachukua idadi kwenye mauzo ikazidisha na bei iliyoko kwenye tebo ya bidhaa, umepata. Bei iliyoko kwenye bidhaa ni ya leo. Dagaa huko kwenu wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua bei inapanda, giza likirudi bei inashuka. Mama anabadilisha bei kwenye mfumo kama anavyotakiwa, na kila akibadilisha ripoti yako inaandika upya historia ya mauzo yote ya nyuma kwa bei mpya. Jumla ya tarehe 5 ukiisoma tarehe 6 ni nyingine na tarehe 20 ni nyingine, na hela kwenye kasha ni ile ile. Kila mstari wa mauzo uwe na kolamu yake ya bei, inakopiwa siku ya kuuza na haiguswi tena. Kwa mauzo ya nyuma utarudisha bei kutoka kwenye daftari au kwenye risiti, inachosha lakini inawezekana. Hii bagi nimeikuta kwenye mifumo ya maduka, ya famasi, ya asali huku Tabora, karibu kila mtu anayeandika mfumo wake wa kwanza wa mauzo anaiandika.

Alafu angalia aina ya kolamu ya hela. Kama umeandika FLOAT (aina ya namba za desimali), badilisha. Kompyuta inahifadhi desimali za namna hiyo kwa makadirio, ndo maana JavaScript ukiiambia 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004, na FLOAT ya MySQL inabeba tarakimu kama saba tu, namba 16,777,217 haiwezi kuishika, inaishika kama 16,777,216. Milioni kumi na sita kwa mfanyabiashara wa jumla sio hela ya ajabu, shilingi zitaanza kupotea bila mtu kujua. Hela weka DECIMAL, inayotunza desimali kamili bila kukadiria, au BIGINT, ya namba nzima, kama hutumii senti. Uzito nao weka kwa gramu kama namba nzima. Na vipimo usivichanganye kwenye kolamu moja, sado, ndoo, gunia na kilo kila kimoja kijulikane ni kipi, usifanye mahesabu ya kudhani, huku kwenye asali ndoo ya lita 20 ina kama kilo 28 na mtu akidhani lita ni kilo amempunja mfugaji robo na zaidi ya mzigo wake.

Saa. Kama sava yako ni ya kukodi iko nje, mara nyingi saa yake ni UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa 3. Mzigo uliouzwa na kupakiwa saa nane usiku tarehe 1 Juni, sava inauandika saa tano usiku tarehe 31 Mei, kwa hiyo umeenda kwenye ripoti ya mwezi mwingine kabisa. Hifadhi kwa UTC sawa, ila unapogawanya siku na miezi geuza kwanza kwenda Africa/Dar_es_Salaam, na hilo jina liandike kamili kwenye mipangilio usitegemee sava itajua. Muda usiuchukue kwenye simu, kwa sababu Burundi na upande wa Kongo unaotazamana na sisi wako nyuma yetu saa moja, simu ya mtu aliyetoka Bujumbura au Kalemie jana inaweza kuwa bado na saa ya kule. Na kama kuna sehemu dada anaandika saa kwa mkono iondoe, kwake saa mbili asubuhi ni saa mbili, kwa mfumo wako ni saa nane usiku, na wote wawili mko sahihi. Mfumo ujaze wenyewe.

Kitu kingine cha huko kwenu, mwezi usiokuwa na mauzo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ripoti inayogawa jumla kwa idadi ya mauzo ikikutana na mwezi wa sifuri, PHP 8 inasimama na kosa la kugawa kwa sifuri, na ukigawa ndani ya MySQL inakurudishia NULL kimya kimya. Jaribu mfumo wako na mwezi mtupu uone.

Na hili ufanye leo leo: nenda kwenye fomu ya bidhaa andika ng'onda. Kama ukurasa umeanguka, ina maana unaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL (lugha ya kuiamuru databesi), ile alama ya ng' imefunga sentensi yako katikati. Leo imefungwa na samaki mkavu, kesho mtu mwenye nia mbaya ataifunga kwa makusudi aandike amri zake. Tumia PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi) na prepare yake, thamani zipite pembeni, kila mahali, usichague sehemu za kupuuza kwa sababu "hapa anaingia mama tu".

Umeuliza pia kwa nini ukirekebisha hapa kunaharibika kule. Kwa maelezo yako naona unabadilisha vitu vingi kwa mpigo ukitumaini kimoja kitatibu. Utaratibu wa kazini ni wa polepole kidogo lakini unafika mapema. Kwanza lifanye tatizo litokee mbele yako, kwenye mauzo_jaribio, kwa hatua unazoweza kuzirudia. Kama huwezi kulitokeza hujalielewa, na ukilirekebisha hutajua kama limepona. Ujumbe wa kosa usome wote, una jina la faili na namba ya mstari, yakitoka makosa ishirini anza na la kwanza kabisa, mengi ya chini yake yamezaliwa na hilo. Makosa yaandikwe kwenye faili la logi na tarehe, siyo kwenye skrini ya mteja. Badilisha kitu kimoja, jaribu, komiti, ndo uende kingine. Na ukikwama muda mrefu mweleze mtu kwa sauti mstari kwa mstari hata kama hajui programu, katikati ya maelezo utajisikia ukisema kitu ambacho sio kweli, na hapo ndo penyewe.

Halafu tengeneza kipimo chako kidogo. Chukua mauzo kumi halisi kutoka kwenye daftari, lipo la mkopo, lipo la nusu faranga, lipo la saa nane usiku, lipo lililofutwa, lipo la bei iliyobadilika kesho yake. Piga jumla kwa mkono na mama akubali hiyo jumla. Andika faili moja la PHP linaloingiza hayo kumi kwenye databesi ya majaribio iliyo tupu, linaita ripoti yako ile ile, na linapiga kelele jumla isipokuwa ile. Liendeshe kila kabla ya kukomiti. Sio lazima ujue maktaba kubwa za majaribio kuanza, hili peke yake litakukamata mara nyingi kabla ya mama hajakukamata, na kila ukipata bagi mpya unaongeza mauzo ya kumi na moja, ya kumi na mbili.

Akili mnemba tunaitumia wengi sasa hivi na sikukatazi. Inaandika haraka, ila haijui kwamba gunia la mama sio sado nyingi, itakupa kitu kinachofanana na jibu kwa kujiamini kabisa. Usiweke mstari ambao huwezi kumweleza mwenzako unafanya nini. Na majina na namba za simu za wateja wa mama usizimwage humo, wala kwenye magrupu ya kuomba msaada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na hata bila sheria wale watu hawakukupa namba zao uzisambaze. Namba za simu zenyewe zihifadhi kama maandishi, siyo namba, ukiziweka kama namba ile sifuri ya mbele inakufa.

Kupeleka mabadiliko dukani chagua siku. We una bahati una mbalamwezi, zile siku mashua nyingi haziendi ziwani na soko limepoa, ndo siku zako. Nenda asubuhi, bakapu kwanza, peleka badiliko moja, kaa hapo hapo dukani mpaka wauze mara kadhaa mbele yako. Usipeleke jioni ukaondoka kwenda Mwanga kulala. Na hakikisha vifaa vyote vitatu vimepokea toleo jipya, maana simu inaweza kuendelea kutumia ukurasa wa zamani iliouhifadhi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, ilipeleka programu mpya kwenye sava 8, moja ikasahaulika na toleo la zamani, ndani ya dakika kama 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 400. Weka namba ya toleo chini ya kila ukurasa, dada akikupigia unamuuliza kwanza "huko chini imeandikwa ngapi?" Nusu ya simu zitaishia hapo.

Mama mwambie ukweli mapema. Kwamba kuna mauzo yaliyojirudia, unayajua, hizi ndo hatua, na mpaka ukimaliza daftari liendelee sambamba na mfumo. Mfanyabiashara wa Kibirizi ameshaona hasara za kila aina, hatakukimbia kwa kumwambia, atakukimbia akigundua mwenyewe wakati ulikuwa unajua. Mkubaliane pia malipo ya matengenezo ya kila mwezi hata kama ni madogo, yaandikwe, kwa sababu kazi unayoifanya sasa ni kazi kamili kuliko hata ile ya kuandika mara ya kwanza, na jina la tovuti na sava visajiliwe kwa jina lake, siyo lako.

Utaratibu basi: Git na bakapu leo, kurudisha bakapu kesho, wiki hii tiketi za mauzo, alafu bei kwenye mstari wa mauzo, ndo uje kwenye FLOAT na saa. Hayo mawili ya mwisho yanagusa data ya nyuma, usiyafanye siku moja. Ukikwama nitumie majibu ya SHOW CREATE TABLE (amri inayoonyesha muundo wa tebo) ya mauzo na ya bidhaa, ujumbe wa kosa wote kama ulivyo kwa maandishi siyo picha iliyokatwa, na ulichofanya kabla hakijatokea. Majina ya wateja yatoe kwanza.